Kwa nini mwanafunzi akiandika swali lake kwenye katalogi ya maktaba anaambiwa hakuna kitu, wakati vitabu vipo?

Rafu_ya_Tatu
Habari wadau. Nakaa dawati la msaada kwenye maktaba ya chuo, na kuna kitu nilikiona wiki hii kimenikaa kichwani mpaka leo. Binti wa mwaka wa kwanza alikaa kwenye kompyuta ya katalogi, akakunjua karatasi ya asaimenti, akaandika swali lote vile lilivyo: "Jadili athari za mitandao ya kijamii kwa afya ya akili ya vijana". Akabofya. Matokeo 0. Akafuta "Jadili". 0. Akairudisha, akaweka na alama ya kuuliza mwishoni. 0. Akaangalia kushoto na kulia kama kuna mtu anamwona, akafunga ukurasa, akatoa simu. Hazikufika dakika tatu. Na vitabu vya mada hiyo vipo, nimevipanga rafuni kwa mikono yangu mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: katalogi zetu zimetengenezwa kwa mtu ambaye tayari anajua anachokitafuta. Ukiwa na jina la mwandishi au jina la kitabu mambo yanaenda. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana swali tu mkononi, hana jina la kitu chochote. Kosa ni la aliyechora ile skrini, si la yule binti. Anayebisha abishe.

Fundi_wa_Seva
Mkuu mimi naziweka hizi mashine kwahiyo nakuambia kilichotokea. Mfumo wenu umewekwa kudai maneno YOTE yapatikane kwenye rekodi moja. Na rekodi ya kitabu ni kitu kidogo sana watu hawajui, ina jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, vichwa vya mada viwili vitatu (maneno rasmi yanayosema kitabu kinahusu nini), ikibahatika na yaliyomo. Maandishi ya ndani ya kitabu hayamo kabisa. Sasa nani ataweka neno "jadili" kwenye rekodi? Neno moja tu likikosekana zote zinadondoka. Dawa yake ipo na ni ya nusu saa, unauambia mfumo maneno mengi yakipatikana leta, yanayokosekana samehe, kisha zilizogusa mengi zaidi zikae juu. Tatizo lenu ni mpangilio tu, msitafute mchawi.

Mzee_wa_Kadi
Rafu, umesema vizuri ila hapo kwamba katalogi ilitengenezwa kwa anayejua anachotafuta nakusahihisha. Charles Cutter, mkutubi wa Marekani, alipoandika kanuni zake za katalogi mwaka 1876 aliweka wazi kwamba msomaji aweze kupata kitabu akijua mwandishi, AU jina la kitabu, AU mada. Na akaongeza kwamba katalogi imsaidie kuchagua. Kwahiyo mtu mwenye mada tu alifikiriwa tangu zamani hizo.

Mimi nimefanya kazi na makabati ya kadi, katalogi ya kabla ya kompyuta, kila kitabu na kadi yake. Ulikuwa ukivuta droo ukafika kwenye mada yako, kadi ya mbele na ya nyuma zinakuonyesha majirani, na katikati kuna kadi imeandikwa "tazama" au "tazama pia" inakupeleka pengine. Hakukuwa na droo inayokujibu sifuri. Ukikosea neno bado umeshika kitu mkononi. Kompyuta ilipokuja ikawaondoa majirani, ikabaki kisanduku kitupu. OCLC, lile shirika lililokuwa linachapia maktaba kadi, wamechapa kadi zao za mwisho mwaka 2015 na sizililii zirudi, nawalilia majirani.

mwaka2_uuguzi
Hiyo ya majirani imenigusa. Mimi nilipoteza wiki nzima natafuta kansa, nikiandika kwa Kiingereza, vinakuja vichache na vya zamani, nikajua maktaba haina kitu. Kumbe kuna orodha ya maneno ya kitabibu inaitwa MeSH na humo neno rasmi ni "Neoplasms". Nililijua kwa bahati, nilifungua rekodi ya kitabu kimoja nikaona lile neno lina rangi ya bluu, nikalibofya, vikamwagika. Nilikasirika kweli. Kwa nini hawakuniambia pale juu kwamba ulichoandika sisi huku tunakiita hivi?

Msahihishaji
@mwaka2_uuguzi kwenye MeSH yenyewe neno "Cancer" lipo, limewekwa kama neno la kuingilia linalokupeleka kwenye Neoplasms. Kwahiyo daraja lilishajengwa. Mfumo wa maktaba yako ndo haukuliunganisha. Nasema hivi kwa sababu watu wanawalaumu sana wanaotunga vichwa vya mada wakati mara nyingi wao walishamaliza kazi yao.

BintiKurasa
Msahihishaji hawajamaliza wala nini. Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani ambayo vichwa vyake vya mada vinatumiwa na maktaba nyingi, walikaa na "Cookery" kwa vitabu vya upishi mpaka mwaka 2010 ndo wakabadilisha kuwa "Cooking", wakati msomaji wa kawaida alishaliacha neno la kwanza zamani. Neno la msomaji linatembea, neno la katalogi limekaa kitako. Hilo ndo jibu la uzi huu kwangu mimi, LUGHA. Fundi anaweza kulegeza mpangilio wake mpaka asubuhi ila kama neno la mwanafunzi halimo kwenye rekodi na hakuna daraja, hakuna kitakachokuja.

Mhadhiri_Kivuli
Salaam. Nitasema upande ambao hautapendwa. Nafundisha mwaka wa kwanza na wa pili. Anayeandika swali zima la asaimenti kwenye kisanduku hajafundishwa kulivunja swali. Hajui kwamba kwenye lile swali kuna mambo matatu tu: mitandao ya kijamii, afya ya akili, vijana. Ukimpa skrini nzuri kuliko zote duniani bado hajui anauliza nini. Huu ni upungufu wa darasani na mimi ni mmoja wa wanaopaswa kuujibu.

Rafu_ya_Tatu
@Mhadhiri_Kivuli nakuheshimu sana na naona unasema kwa moyo, ila swali: hayo mafunzo ya kutumia maktaba wanapewa lini? Kwetu ni saa moja, wiki ya kwanza kabisa, siku ambayo hata hawajui madarasa yako wapi na hawana asaimenti yoyote. Wanapokuja kuhitaji wiki ya sita wameshasahau kila kitu. Kama skrini ndo iko na mtu ile dakika anayohitaji, basi skrini ifundishe. Ranganathan, yule mkutubi wa India, kwenye zile sheria zake 5 za maktaba za mwaka 1931, ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Haijasema mfundishe kwanza ndo uokoe muda wake.

Mhadhiri_Kivuli
Saa moja wiki ya kwanza? Hapo nimekubali kidogo. Kidogo tu.

Kichujio
Wadau mbona hamtaji vichujio? Pembeni pale unabana kwa mwaka, lugha, aina, mada. Haya mambo maktaba wameyaiga kutoka maduka ya mtandaoni na ndo kitu pekee kilichowasaidia wanafunzi. Mtu anaandika neno moja pana, vinakuja vingi, anabana taratibu. Hahitaji kujua maneno rasmi, anayaona yamepangwa pembeni anachagua. Hizo rekodi za MARC, yaani muundo ambao kompyuta za maktaba zinahifadhia rekodi za vitabu, zimeozea hapo tangu miaka ya 80, waziache.

Mzee_wa_Kadi
Kijana, mawili. MARC si ya miaka ya 80, ni ya miaka ya 1960, aliyeiongoza ni Henriette Avram pale Library of Congress, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusaidia kuchapa hizo kadi ninazozisema. Pili, wazo la kukigawa kitu kwa sura zake mbalimbali halikuzaliwa dukani. Ranganathan huyo huyo aliyetajwa hapo juu alitoa uainishaji wake wa vitabu unaoitwa Colon mwaka 1933 umejengwa juu ya wazo hilo. Maduka ndo yaliazima kwetu.

Kichujio
Shikamoo mzee, nimepokea. Ila na mimi niongeze, maktaba ya North Carolina State University mwaka 2006 ndo waliweka katalogi yao juu ya Endeca, programu iliyokuwa inatumiwa na maduka ya mtandaoni, na baada ya hapo maktaba nyingi zikafuata njia hiyo. Kwahiyo wazo lilitoka maktaba likaenda sokoni likarudi limeoga.

Mzee_wa_Kadi
Marahaba. Hapo sina la kuongeza. Ila hicho kichujio chako cha mada pembeni kinalishwa na nini kama si hizo rekodi za MARC unazotaka ziachwe? Ile safu ya 650, kichwa cha mada, ndiyo inayosimama pembeni pale. Mkutubi asipoijaza kichujio chako kinakuwa kitupu.

Fundi_wa_Seva
Nakazia mia kwa mia. Nimeshaona katalogi yenye vichujio vizuri sana, ukibofya "mada" nusu ya vitabu havimo kwa sababu safu ile iko tupu. Mwanafunzi anadhani amebana kumbe ametupa nusu ya maktaba bila kujua. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kichujio.

BintiKurasa
Sasa niwaulize swali ambalo sijaona mtu akiligusa. Kiswahili. Hizi mashine nyingi zimefundishwa kukata mwisho wa neno, Kiingereza kinaongeza herufi nyuma kwahiyo wanakata nyuma wanapata shina. Sisi tunabadilika MBELE. Mwalimu, walimu, ualimu. Mkulima, wakulima, kilimo. Kitabu, vitabu. Mwanafunzi anaandika "walimu", kitabu kinaitwa "Mwalimu na nini nini", hakiji. Wanasema weka nyota (*) mwishoni isimame badala ya herufi zozote, hiyo nyota ya mwishoni inanisaidia nini mimi? Nimejaribu kuiweka mbele mfumo ukakataa.

Fundi_wa_Seva
@BintiKurasa umenishika pabaya. Nyota ya mbele mifumo mingi inaizuia kwa sababu inachosha mashine, faharasa imepangwa kwa herufi ya kwanza kwahiyo ukisema mwanzo wowote inabidi ipitie kila neno. Njia za kuzunguka zipo. Unaweza kulivunja neno vipande vya herufi tatu tatu nne nne, hapo "walimu" na "mwalimu" vinakutana kwenye vipande kama "alim" na "limu". Au unaandaa orodha ya umoja na wingi unailisha. Ya kwanza ni rahisi ila inaleta takataka nyingi, ya pili ni kazi ya mikono ya mtu anayeijua lugha. Kukuambia ukweli sijawahi kuombwa na maktaba yoyote nifanye hata moja.

BintiKurasa
Hawajaomba kwa sababu wanaoona sifuri ni wanafunzi na mwanafunzi akiona sifuri halalamiki, anaondoka. Kama yule binti wa Rafu.

Rafu_ya_Tatu
Hii komenti naichapa naibandika ofisini.

TarakimuNdogo
Jamani mnazungumza kama kupata rekodi ndo kupata kitabu. Mimi nilipata rekodi safi kabisa, imeandikwa "ipo", namba ya rafuni 658.4. Nikaenda rafuni. Nikaona 658.15. Nikasema 4 ni ndogo kuliko 15 kwahiyo kitabu changu kiko nyuma. Nikarudi nyuma. Nyuma zaidi. Nikafika 657. Nikaondoka nimeamini kimeibiwa. Mwaka wa tatu ndo mtu ananiambia baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja, 1 inatangulia 4, kwahiyo .15 inakaa KABLA ya .4. Miaka miwili nimekuwa nikienda upande usio wenyewe! Na nimesoma hesabu.

mwaka2_uuguzi
Subiri. SUBIRI. Kwahiyo vile vitabu nilivyoandika vimepotea...

TarakimuNdogo
Nenda kesho dada yangu, viko pale pale vinakusubiri.

Msahihishaji
Hapa ndo nasema kazi ya katalogi haiishii kwenye kutafuta. IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, mwaka 1998 kwenye FRBR, ule mfano wao wa rekodi za katalogi ziweje, waliorodhesha kazi nne za mtumiaji: kupata, kutambua, kuchagua, na kukipata chenyewe mkononi. Hii ya nne skrini nyingi zimeiacha. Inaandika namba na neno "ipo" basi. Ghorofa gani? Rafu ya upande gani? Kitabu kinene chekundu au chembamba? Kiramani kidogo chenye nukta ya rangi kingemaliza habari ya TarakimuNdogo bila yeye kujua chochote kuhusu Dewey, huo mfumo wa namba za rafuni.

Karani_Usiku
Na hilo neno "ipo" ni uongo nusu. Narudisha vitabu rafuni zamu ya usiku. Kitabu kikirudishwa mfumo unaandika "ipo" papo hapo, ila kitakaa kwenye toroli mpaka nikifikie. Mtu akija saa hiyo atakuta pengo. Wengine wanakisoma wanakiacha mezani, wengine wanakificha rafu nyingine ili mwenzake asikiazime, hao wapo kila muhula kabla ya mitihani. Katalogi ingeandika "kimerudishwa leo, ulizia dawatini" ingekuwa kweli zaidi. Sijui kwa nini hakuna anayetuuliza sisi wa toroli.

Rafu_ya_Tatu
Karani asante, umenipa kitu cha kufanya Jumatatu.

Kichujio
Naona tumeenda mbali, nirudi kwa binti. Mbona hamsemi wafute katalogi waweke kisanduku kimoja tu kinachotafuta kila kitu, vitabu, makala, tasnifu? Kama Google Scholar, ambayo ipo tangu 2004 na ndo alikokimbilia bila shaka.

Mhadhiri_Kivuli
Kwa sababu naziona kazi zake baada ya hapo. Kisanduku kimoja kinamletea maelfu kwa maelfu, anachukua tatu za juu, moja ni uhakiki wa kitabu wa ukurasa mmoja, na anaunukuu kama vile ndiyo kitabu chenyewe. Ukimletea makala, uhakiki na kitabu kwenye mstari mmoja vyenye sura moja, umemwondolea jambo alilopaswa kuliona kwanza, kwamba hiki ni kitu gani. Sifuri inamfukuza, laki inamdanganya. Sijui ipi mbaya zaidi.

Na niongeze kitu ambacho nimekifikiria tangu Rafu anijibu. Marcia Bates, mtafiti wa namna watu wanavyotafuta taarifa, mwaka 1989 alieleza kutafuta maarifa kama kuchuma matunda pori: hupati yote kichaka kimoja, unachuma hapa, unachokiona kinabadilisha swali lako, unahamia kichaka kingine. Mwanafunzi anayekuja na swali bovu hajakosea, ndivyo kutafuta kunavyoanza kwa kila mtu hata mimi. Katalogi zinamtaka aje na swali lililoiva. Kwahiyo naondoa nusu ya lawama niliyompa, nusu nyingine nabaki nayo.

Mzee_wa_Kadi
Vichaka hivyo ndo majirani zangu.

Shina_la_Neno
Nimechelewa kufika, ila majina ya waandishi mmeyaruka. Nilimtafuta Shaaban Robert kwenye orodha ya waandishi nikaandika Shaaban, hayupo. Kumbe kapangwa kwenye R, "Robert, Shaaban". Nikaja kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, yeye kaandikwa na vile vialama juu ya herufi, mimi kwenye simu nikaandika bila alama, sifuri. Nikaweka alama nikabakiza ile apostrofi ya simu ambayo imepinda, sifuri tena. Rafiki yangu wa kompyuta ya mezani akaandika apostrofi iliyonyooka, vikaja. Apostrofi!

Msahihishaji
Hiyo ya alama ni uzembe wa mpangilio, mfumo unatakiwa ulinganishe herufi bila kujali vialama. Ila kwa Ngũgĩ tazama upande wa pili pia, vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi. Kinachomfanya mwanafunzi avione vyote pamoja ni kazi ya mkutubi aliyeandika kwamba majina haya mawili ni mtu mmoja. Google haikufanyii hiyo kwa uhakika. Ndo maana nawaambia msiwatupe wakutubi kwa kosa la skrini.

Fundi_wa_Seva
Uzembe wa mpangilio nakubali, ila mafundi tunaweka mfumo, kazi ikishaisha tunaondoka, hakuna anayeturudia na kusema wasomaji wanakwama hapa. Kumbukumbu za utafutaji zimo ndani ya mfumo, kila neno lililoleta sifuri limeandikwa. Rafu umeshawahi kuziomba?

Rafu_ya_Tatu
Sikujua kama zipo.

Fundi_wa_Seva
Omba. Za mwezi mmoja tu, zipangwe kwa wingi. Bila majina ya watu lakini, hilo usilikubali hata kidogo, alichotafuta mtu ni siri yake.

Rafu_ya_Tatu
Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Nimezipata, bila majina. Sijamaliza kuzisoma. Nilichokiona mpaka sasa: maswali mazima ya asaimenti yapo, lakini si mengi kama nilivyodhani. Mengi ni neno moja moja lililokosewa herufi, na majina ya wahadhiri, yaani watu wanaandika jina la mwalimu wao wakitegemea kupata orodha ya vitabu alivyowaagiza. Hilo hakuna hata mmoja wetu hapa aliyelitaja. Na BintiKurasa, "walimu" imo, "wanawake" imo, "viwanda" imo, zote sifuri, na nimejaribu "mwanamke" na "kiwanda" vikaja.

Pia niliomba wanafunzi watano wakae mbele yangu watafute huku wakisema kwa sauti wanachofikiria. Watano kwa sababu Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia skrini, anasema wanatosha kuonyesha matatizo mengi. Wanne kati ya watano hawakuviona vichujio kabisa. Macho yao hayakwenda pembeni. Mmoja aliviona akasema alidhani ni matangazo.

Kichujio
Matangazo??

Fundi_wa_Seva
Watano wanaonyesha kwamba tatizo lipo, hawaonyeshi ukubwa wake, usiende kwa mkuu wa maktaba na "wanne kati ya watano" atakucheka. Mimi bado nasema anza na mpangilio wa maneno yote, unaonekana siku hiyo hiyo.

BintiKurasa
Aanze na "walimu". Naomba hiyo orodha ya umoja na wingi niianze mimi, nina muda jioni.

Mzee_wa_Kadi
Christine Borgman, mtafiti wa maktaba, aliandika mwaka 1986 kuuliza kwa nini katalogi za kompyuta ni ngumu kutumia, akarudi mwaka 1996 kuuliza kwa nini BADO ni ngumu. Sehemu kubwa ya jibu lake ni kwamba zimejengwa bila kufuata namna watu wanavyotafuta. Hizo kumbukumbu zako ndo namna wanavyotafuta. Zitunze.

Mhadhiri_Kivuli
Hayo majina ya wahadhiri, langu limo?

Rafu_ya_Tatu
Limo mkuu. Mara nyingi.

Mhadhiri_Kivuli
Basi nitumie ujumbe uniambie nikuletee orodha ya vitabu vya kozi yangu kwa muundo gani ili jina langu likiandikwa pale isije sifuri. Naileta kabla muhula haujaanza.

mwaka2_uuguzi
Nimetoka rafuni sasa hivi. Viwili kati ya vitatu vilikuwepo. Cha tatu kinasema "ipo" na hakipo, Karani_Usiku nisaidie toroli.